Mtu Niliyemwita Papa Bande

Faida, mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuagiza yote ya kuagizwa: maji yachemshwe, chandarua kifungwe kabla ya giza, usilale karibu na injini ya boti, usimwonyeshe mtu simu yako bandarini. Hapo sina la kuongeza. Ninachotaka kukuambia si cha safari, ingawa nisipokuambia leo kitasafiri nawe bila wewe kujua, na kitakuaibisha utakapofika.

Nitakisema moja kwa moja, maana nikianza kuzunguka nitajikuta nakuandikia habari za mvua. Tonton Kambale, mjomba kama unavyomwita, yule anayekodisha vyombo vya muziki kule Kinshasa, anayekupokea nyumbani kwake na kukupa kazi, ndiye Papa Bande. Papa Bande yule yule wa hadithi yangu.

Najua umerudia kusoma hapo. Tangu mkiwa wadogo nimewachekesha na mtu huyo: DJ wa kaseti, ambazo sisi tuliziita bande, anayezungusha kanda kwa kalamu ya bic huku watu wamesimama wakingoja kucheza, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Mnaijua hata sauti niliyomtungia. Wewe ndiye unayemwigiza vizuri kuliko wote. Noeli iliyopita ulimwigiza mbele ya wageni, nikacheka hadi nikapaliwa. Na mimi nakujua. Ukiwa ugenini na unataka kupendwa, unachekesha watu. Siku ya pili au ya tatu utakuwa umekaa mezani kwake, mke wake amekupakulia, watoto wake wanakutazama, nawe utaanza, "Papa yangu anatuambiaka hadithi ya mutu moya..." Wiki tatu sasa naiona meza hiyo kila ninapofumba macho. Ndiyo maana naandika.

Ulitaka kwenda Goma kwa shangazi yako, vita ikaifunga njia hiyo, na wewe ukaanza kutafuta mlango mwingine kwa simu. Ulinionyesha ulichomwandikia huyo Kambale, aliyeona kule Kinshasa video zako za kupiga muziki. Uliandika: "Papa yangu alipigaka diski vita yote. Hata siku moya hakugusaka bande." Ulikuwa na fahari, nami nilikuona ukingoja nifurahi. Kisha ukanisomea jibu lake: "Namujua papa yako. Alikuwa na mikono ya muzuri. Kuya, mutoto wangu, kitanda iko." Ukashangilia kwamba ananifahamu. Nikasema ndiyo, wakati ule tulijuana sote, halafu nikatoka nje kutazama kuku ambao hatuna.

Jibu lile lilinichoma, Faida, kwa sababu ilikuwa mara ya pili mtu huyo kuijua siri yangu na kuninyamazia. Nikueleze mara ya kwanza.

Wewe hukuwa umezaliwa. Mji wetu wa Kisangani ulikuwa umetengwa na dunia. Mto ulikuwa umefungwa huko chini na watu wa vita, hakuna boti iliyopanda kutoka Kinshasa, na kilichoingia kiliingia kwa ndege au juu ya baiskeli. Hata chumvi ilikuja kwa baiskeli. Mimi nilikuwa kijana mwenye platini mbili, mashine za kuchezea santuri, nilizoachiwa na Mgiriki mmoja aliyeukimbia mji, na masanduku mawili ya santuri, ndizo hizo diski, na nilipiga muziki katika baa moja ya katikati ya mji ambayo mwenyewe, mama mmoja mkali, alikuwa na jenereta. Kambale naye alipiga hapohapo, siku zake na siku zangu. Yeye alitoka Butembo na hakuwa na santuri hata moja. Alikuwa na redio-kaseti mbili na kikapu cha bande.

Wewe unapiga kwa kontrola, ile mashine yako ya vitufe na skrini, kwa hiyo pengine hujui namna platini inavyokula sindano. Ile sindano ni ndogo kuliko punje ya mchele, na ndiyo inayosoma santuri. Inachakaa. Ikichakaa inaanza kuguguna, sauti inakuwa kama mtu anakaanga samaki, na mwisho inakufa kabisa. Zamani tulinunua nyingine kutoka Kinshasa. Sasa Kinshasa ilikuwa upande wa pili wa vita, na hakuna mtu ambaye angemwomba mwendesha baiskeli wa chumvi amletee sindano ya muziki.

Kabla haijafa yangu ya mwisho, zilipita zile siku sita, majeshi mawili ya wageni yalipopigania mji wetu kana kwamba sisi wenyewe hatumo ndani. Tulilala chini ya vitanda. Bomu lilianguka kwa jirani, kabati langu likapinduka, na nilipotoka kuhesabu santuri zangu, nyingi zilikuwa vipande. Moja ambayo watu waliipenda kuliko zote ilipona, ila ilikuwa na mkwaruzo kutoka ukingoni hadi karibu na katikati.

Niliipiga hivyohivyo. Ikifika ubeti wa pili iliruka mara mbili, halafu ikaendelea kama hakuna kitu. Wiki ya kwanza watu walilalamika. Wiki ya pili, wimbo ulipofika pale, mwanamke mmoja akaruka mara mbili pamoja na santuri, kwa utani tu, na wenzake wakamfuata. Baada ya mwezi baa nzima iliruka. Walikuwa wanaungoja ubeti ule, wanatazamana, halafu wote juu, mara mbili, hata wenye viatu virefu. Nadhani baada ya siku zile kila mtu alitaka kuruka kwa sababu isiyo bomu. Watu wa Kisangani walijifunza kuucheza wimbo ule ukiwa umevunjika, na hawakuutaka mzima.

Sindano ikafa. Hapo nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kumwambia mwenye baa kwamba kuanzia sasa nitapiga bande kama Kambale. Lakini nilikuwa nimekwisha kumcheka Kambale mbele ya kila mtu. Mimi ndiye niliyempa jina Papa Bande. Nilikuwa nasema kwenye kipaza sauti kwamba bande ni ya jikoni, ya mama anayepika mboga ya sombe, si ya mwanaume mwenye kazi. Basi nikachagua njia ya pili.

Niliweka redio-kaseti chini ya meza, waya ukapanda kwa nyuma hadi kwenye mixeri, mashine ya kuchanganyia sauti. Mama yako, ambaye tulikuwa hatujaoana, alinishonea kitambaa chekundu cha kufunika meza hadi chini, na hakuniuliza cha nini. Kwenye mkono wa platini, ule unaobeba sindano, nilibandika kipande cha sponji ya godoro ili usiguse santuri bali uelee juu yake kidogo. Ukiwa mbali ungeapa kwamba inasoma. Santuri ilizunguka, mikono yangu iliigusa kwa madaha, na chini ya kitambaa nilikuwa nimevua kiatu cha kulia, nabonyeza bande kwa kidole gumba cha mguu.

Cheka, mwanangu, hata mimi nikiandika nimecheka. Watu waliuliza kwa nini Maître Platine, bwana wa platini, ndivyo walivyoniita, anapiga na kiatu kimoja. Nikawajibu kwamba ninasikiliza besi kwa unyayo. Kuna vijana wawili walianza kuvua viatu nao.

Miezi ilienda hivyo. Kisha mafuta ya jenereta yakawa haba, na mwenye baa akasema atabaki na DJ mmoja. Hakutaka kuchagua mwenyewe, kwa sababu mteja wake mkubwa alikuwa kamanda mmoja wa wale waliobaki wameshika mji, na kamanda alisema yeye ndiye atakayechagua. Tupige wote wawili usiku mmoja, atakayemfurahisha abaki. Kamanda huyo hakuwa mtu wa kutania naye. Muda si mrefu nyuma, mhudumu mmoja alimtilia maji kwenye bia, akachukuliwa kambini, na aliporudi baada ya siku tatu hakuweza kukaa.

Kambale alipiga kwanza. Nikuambie ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu: alipiga vizuri kuliko mimi. Alikuwa na zile redio-kaseti mbili tu, na kila bande alikuwa ameizungusha kwa bic nyumbani hadi mahali pale hasa wimbo unapoanza kuchemka. Alikuwa anajua kwa kugusa ni mizunguko mingapi imebaki. Wimbo mmoja ulipokuwa unashuka, wa pili ulikuwa unapanda, na hukusikia mshono. Hiyo ndiyo kazi unayoifanya wewe na kontrola yako. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na kipaza sauti, na nilipoona watu hawakai, niliogopa. Nikaanza kusema.

Nilisema, "Muone ile. Hata mutoto anaweza bonyeza bouton. Muziki iko kwa mikono."

Nilisema mengi, na watu walicheka, kwa sababu nilikuwa nachekesha. Kambale aliendelea kupiga. Alimaliza, akashuka, akasimama karibu na meza yangu, na mimi nikaanza.

Sikujua kwamba ninalo kosa mkononi. Bande zangu karibu zote nilizirekodi kutoka kwa santuri zangu mwenyewe, sindano ingali hai, kwa hiyo makovu yake yote yalikuwemo. Lakini ule wimbo wa kuruka nilikuwa nao mara mbili: bande moja kutoka kwa santuri yangu, na nyingine niliyoirekodi redioni zamani, kabla ya vita, ya kusikiliza nyumbani. Kwa haraka na kwa woga nilitia ile ya redio. Sikutambua. Nilikuwa nashughulika kupendeza.

Ukafika ubeti wa pili. Watu wakatazamana, wakainua mikono, baa nzima ikaruka mara mbili. Muziki haukuruka. Uliendelea laini kama mafuta ya mawese, na watu wote wakashuka chini nje ya mwendo, wakagongana, mmoja akaanguka juu ya meza ya kamanda.

Kamanda akasimama. Akaja mezani kwangu, akatazama santuri ikizunguka, akauliza mbona leo haikuruka. Nikasema nimeiponyesha. Neno lilitoka lenyewe: nimeiponyesha diski, mon commandant, nimeitengeneza kwa dawa. Watu wengine wakapiga makofi. Yeye hakupiga. Akamgeukia Kambale, kwa sababu Kambale alikuwa mtu wa kazi hiyo na alikuwa amesimama pale pale.

"Wewe unajua hizi vitu," akamwambia. "Diski inaweza pona?"

Kambale aliutazama mkono wa platini. Alikuwa karibu, sponji ile aliiona. Akashusha macho polepole, na upepo wa feni ulikuwa umeinua kitambaa kidogo, akauona mguu wangu. Tulikuwa na miaka karibu sawa, yeye na mimi. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, na hakuwa na kazi nyingine katika mji ule. Neno moja tu lilimtosha kubaki na baa, na neno hilo lilikuwa kweli.

Akasema, "Inaweza pona, mon commandant. Inategemea fundi."

Kamanda akanipiga bega, akaagiza bia kwa wote. Kambale alikusanya bande zake katika kikapu, moja moja, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mwenye baa alimwambia asirudi. Na mimi, usiku uleule, nilichukua kipaza sauti na kufanya mzaha juu ya kikapu chake.

Hapo ndipo nimeshindwa kujielewa miaka yote. Woga naelewa. Hata uongo naelewa, vita ilitufundisha sote kusema uongo ili tule. Lakini ule mzaha haukunipatia kitu. Alikuwa ametoka kuniokoa na nikamcheka mgongoni. Nimefikiri sana, na jibu ninalolipata si zuri: aliponitazama mguu, nilijua kwamba yupo mtu mmoja duniani anayenijua, na nilitaka mtu huyo awe mdogo, awe wa kuchekwa, ili anachokijua kisiwe na uzito. Ndiyo maana niliwafundisha ninyi kumcheka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imepita miaka ishirini na zaidi, na ningeiendeleza kama si wewe kwenda kwake.

Kuna jambo jingine, na hili ni baya zaidi, nivumilie. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa natoka sokoni kwenda mtaa wa Mangobo, jua kali, nikaita toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Baiskeli ikasimama, nikapanda nyuma kwenye mto wa kukalia bila kumtazama mwendeshaji. Tulipofika kwenye mwinuko ndipo niliposikia anavyopumua, nikatazama shingo yake, nikajua ni Kambale. Yeye alinijua tangu mwanzo. Alinibeba hadi mlangoni. Sikushuka kwenye mwinuko kumpunguzia uzito, kama tunavyofanya kwa adabu, kwa sababu nikishuka tungetembea pamoja, na tukitembea pamoja ningelazimika kusema kitu.

Tulipofika alifuta jasho, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sindano ulipata?"

Nikasema bado.

"Mimi niko na moya ya zamani, ilikuwa ya tonton yangu. Mama watoto atakuletea."

Mkewe aliileta kesho yake, imefungwa katika karatasi ya daftari, mtoto mgongoni. Nikaipokea, Faida. Nilimwambia asante pale mlangoni, sikumkaribisha ndani, na kwa sindano hiyo nilipiga santuri za kweli hadi vita ile ikaisha. Picha ile ya ukutani ambayo unaipenda, mimi na visikilizio shingoni, mikono juu ya santuri, ni sindano ya Kambale inayosoma hapo. Mto ulipofunguliwa yeye alishuka na moja ya boti za kwanza, na sikwenda kumuaga. Na nyinyi mlipozaliwa, mkakua, mkaanza kupenda hadithi, niliwapa Papa Bande.

Sasa nikuambie kuhusu wewe. Nimechelewa hapa kwa makusudi, maana hapa ndipo pananiuma.

Siku ya kuondoa matanga ya kaka yangu ulikuwa umejiandaa wiki nzima. Ulizunguka kwa shangazi zako ukiuliza alipenda nini, alicheza nini alipooa. Desturi yetu unaijua: wimbo wa kwanza ni wa marehemu, unapigwa mzima, na hakuna anayesema juu yake. Ulisimama nyuma ya kontrola yako, skrini mbele yako, na ulipoanza ule wimbo mjane alishika kichwa. Ulikuwa umeuchagua vizuri kabisa.

Na mimi nilikuwa nimekaa na wazee wenzangu. Mmoja wao, Papa Likunde, akasema kwa utani kwamba mtoto wa Maître Platine amekuwa DJ wa bouton, wa kubonyeza vitufe. Ni hilo tu. Mtu mzima angecheka na kunywa bia yake. Mimi nilisikia joto shingoni, nikaona kana kwamba kitambaa kimeinuka na watu wote wanautazama mguu wangu. Nikasimama, nikachukua kipaza sauti, wimbo wa ndugu yangu ukiwa katikati, nikasema maneno yaleyale. Sikubadilisha hata moja. Hata mutoto anaweza bonyeza bouton. Muziki iko kwa mikono. Nikavua koti langu nikaifunika skrini yako. "Kama ni DJ," nikasema, "apige bila kuangalia televisheni."

Ungeweza kupiga. Najua, kwa sababu nimekusikia ukiwa chumbani macho yamefungwa. Lakini ulikuwa unanitazama mimi, si mashine, na mkono wako ulipotea, wimbo ukakatika. Watu wakacheka. Mjane alikuwa bado amesimama katikati ya uwanja, hakuna wa kucheza naye, hakuna muziki. Ulinirudishia koti langu, umelikunja. Ukaifunga kontrola katika kitenge cha mama yako, na tangu siku ile hukupiga tena mbele ya mtu yeyote wa mji huu. Video alizoziona Kambale ulizipiga mlango umefungwa ili mimi nisisikie.

Naona haya. Nimeandika maneno hayo mara nyingi katika karatasi nyingine nikazichana, kwa sababu yalionekana madogo. Nayaacha hivyo. Naona haya mbele yako kuliko mbele ya kamanda, kuliko mbele ya Kambale, kwa sababu wale niliwadanganya nikiwa nimeogopa kufa au kulala njaa. Wewe nilikudhalilisha nikiwa nimeshiba, mbele ya familia yangu mwenyewe, kwa kosa ambalo hukulifanya. Wewe mashine yako iko juu ya meza. Kila mtu anaiona. Ukibonyeza, umebonyeza. Mwenye kuficha kitu chini ya meza alikuwa mimi.

Sijui kama mashine yako ni bora kuliko platini. Sijali tena. Bado nadhani mtu akishika santuri anashika kitu, na bado mama yako ananiona nikizifuta vumbi siku za Jumapili. Ila nimejifunza jambo moja, kwa kuchelewa: kila nilipomsikia mtu anapiga kelele sana kwamba kazi ya mwenzake si kazi, nikichunguza, nilikuta anaogopa. Nilijichunguza mimi wa mwisho. Huko uendako utakutana nao. Usiwajibu sana, wala usiwe mmoja wao. Atakuja mtoto baada yako na kitu ambacho hata jina lake hatujui, na shingo yako itapata joto.

Mama yako ndiye aliyenisukuma. Juzi aliniambia, akiwa anakunja nguo zako, kwamba nisipokuambia yeye atakuambia bandarini mbele ya watu. Alijua kila kitu tangu kitambaa chekundu, alikuwa ananingoja tu. Basi jana mchana nilikwenda kwa mjane wa kaka yangu. Wazee walewale walikuwepo, wanacheza karata. Nikawaambia yote, mguu, sponji, baa, sindano. Nilipomaliza Papa Likunde aliweka karata chini.

"Donc, kumbe," akasema, "miaka ile tulikuwa nacheza bande?"

Nikasema ndiyo.

"Na tulicheza muzuri," akasema, akaokota karata zake. Hakunicheka. Ningependa angecheka.

Mjane alinisindikiza hadi barabarani. Aliniambia kwamba yeye hana shida na bande wala na mashine, ila ule wimbo wa bwana wake haukuisha. Nilimwahidi kwamba nitakufikishia neno lake. Sikupi kazi, nakufikishia tu. Ukitaka, siku moja, popote ulipo, upige hadi mwisho.

Sasa ombi langu, na lingine sina. Nimempigia Kambale simu mara tatu wiki hii, na kila mara nimekata kabla hajapokea. Unajua sasa baba uliye naye. Kwa hiyo usimpelekee salamu zangu. Salamu za mtu kama mimi zinamlazimu mtu kama yeye ajibu vizuri, na amekwisha kunijibu vizuri kupita kiasi. Wala usimwombe msamaha kwa niaba yangu, wewe hukumkosea.

Mpelekee barua hii. Nilimcheka mbele ya watu, kwa hiyo isisomwe pembeni. Ngoja mke wake awepo, yule aliyeniletea sindano, na mtoto wao wa kwanza, ambaye sasa ni mtu mzima na pengine hajui kwa nini baba yake aliendesha toleka. Uwasomee wewe, kwa sauti, tangu mwanzo, hata pale penye aibu yako. Ninamfahamu Kambale. Ukifika kwenye mguu wangu atainua mkono na kukuambia imetosha, mutoto, ni mambo ya zamani. Usimtii. Endelea kusoma.

Papa yako